Usiku wa Drafti Kule Mlalo

Kwanza tuelewane. Siongelei drafti ya kete, ile ya vijiweni inayochezwa kwa vifuniko vya soda na maneno mengi. Naongelea drafti ya fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Watu nane wa kozi yetu tulitoa elfu kumi kumi kutoka kwenye bumu la mwisho kabla ya kutawanyika kwenda BTP, na mimi nikaiandaa hiyo drafti kwa siku kumi na moja kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu.

Wengi wenu mnacheza fantasi ya kawaida. Unapewa pauni milioni 100 za mtamboni, unanunua wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu, na klabu moja isizidishe watatu. Ukimtaka Haaland unamchukua, mimi namchukua, na binamu yako wa Kahama naye anamchukua. Wikiendi ikiisha tumecheka wote au tumelia wote. Drafti haina hela. Mnaingia kwenye chumba kimoja cha mtandaoni, mnachagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa ndiyo basi, ana mwenyewe. Zamu inatembea kama nyoka: aliyeanza raundi ya kwanza anamalizia raundi ya pili, kisha anaanza ya tatu. Hakuna kepteni wa kukuongezea pointi mara mbili. Kila wiki unakutana na mtu mmoja uso kwa uso, kama ligi ya kweli.

Wenyewe walioanzisha mchezo huu walikuwa Wamarekani, na hata haukuwa mpira wa miguu. Ulikuwa besiboli. Mwaka 1980 mwandishi mmoja anaitwa Daniel Okrent na wenzake waligawana wachezaji wa besiboli kule New York, na ligi yao ikachukua jina la mgahawa waliokuwa wakikutana. Takwimu walizitoa kwenye magazeti na kuzijumlisha kwa mkono. Niliposoma hilo niliwahurumia, halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikitafuta mtandao, nikaacha.

Hilo jiwe liko Mlalo. Niliomba BTP wilaya ya Lushoto kwa sababu bibi yangu anakaa huko, na kukaa kwa bibi hakuna kodi. Kama hujawahi kufika, unatoka Lushoto mjini, unapita msitu wa Magamba, gari linazunguka kona mpaka unaacha kuzihesabu, halafu bonde linafunguka. Mwezi wa nane kule ni baridi ya kuvaa masweta mawili. Ukungu unaingia darasani bila kubisha hodi, na asubuhi wanafunzi wanaandika huku mkono mmoja umefichwa kwapani. Nyumbani kwa bibi simu haishiki kabisa. Ukitaka intaneti unapanda nyuma ya shule kama dakika kumi, kuna jiwe kubwa, unakaa upande unaotazama bondeni. Kila mtu pale analijua. Nimewahi kumkuta mwalimu mwenzangu ananong'ona na mchumba wake, nikarudi nilikotoka.

Sasa maandalizi. Makosa ya wengi kwenye drafti ni kuwapanga wachezaji kwa jumla ya pointi za msimu uliopita. Msimu wa 2022/23 Haaland alipata 272, Kane 263, Salah 239. Ukifuata mpango huo hadi chini unajikuta unagombania kipa raundi ya nne kwa kuwa tu ana pointi nyingi. Mimi nilikaa nikapiga hesabu hivi: watu nane, kila mmoja anahitaji makipa wawili, hao ni 16. Ligi ina timu 20, kwa hiyo makipa wa kwanza ni 20. Hata wa mwisho kuchagua atapata kipa anayecheza, na tofauti kati ya kipa wa tano na wa kumi na tano ni ndogo. Lakini washambuliaji tunahitaji 24, na timu nyingi siku hizi zinasimamisha mmoja tu mbele. Hawatoshi. Kwa hiyo swali si mchezaji ana pointi ngapi, ni kwamba nikimwacha huyu, atakayebaki zamu yangu ikirudi ana upungufu wa pointi ngapi. Pengo hilo ndilo nililoliandika. Nilikuwa na kauntabuku la kurasa nyingi. Mbele nilikuwa naweka alama za wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nyuma, kwa kuligeuza, majina 150 kwa peni ya rangi tatu.

Nyekundu ilikuwa ya watakaokwenda AFCON. Mashindano yalikuwa yaanze tarehe 13 Januari 2024 kule Ivory Coast, maana yake Salah na wenzake wangetuacha kwa wiki kadhaa. Nikawapunguzia. Bluu ilikuwa ya wenye kesi maalumu, kama Toney, aliyefunga 20 msimu uliopita lakini akawa amefungiwa mpaka Januari kwa mambo ya kamari. Wa hivyo unamchukua mwishoni, unamweka benchi, unasubiri kama mtu aliyezika mihogo.

Mjomba wangu ni mtu wa viazi. Ananunua mashambani, anapeleka Lukozi, na kabla ya kupakia anavipanga mafungu matatu uani kwa bibi: vikubwa, vya kati, na vidogo vya mbegu. Siku ya Nane Nane alinikuta nimekaa karibu na mafungu yake nimefungua lile kauntabuku, akauliza, "Mjomba, hao wote ni wanafunzi wako?" Nikamweleza. Alisikiliza kwa heshima kabisa mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na hawa Wazungu wanajua kwamba umewapanga?"

Turudi kwenye kurasa za mbele, maana ndiko ubaya ulikokuwa unakaa kimya.

Mwisho wa Julai shule ilitoa jaribio la mwezi, masomo tisa. Mwalimu wa taaluma akanikabidhi mkondo mmoja wa kidato cha pili, watoto 58, nikusanye alama kutoka kwa walimu wa masomo, nijumlishe, nitoe wastani na nafasi, wa kwanza hadi wa 58. Mnajua wenyewe nafasi ilivyo na nguvu kwenye shule zetu. Januari ya mwaka huohuo Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila ile orodha ya shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na sisi kwenye semina tulibishana saa nzima kama ni uamuzi mzuri. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba kumpanga mtoto ni kumpunguza. Ila ubao wa matangazo wa shule ya kijijini hauhudhurii semina. Pale karatasi ikibandikwa, mtoto anatafuta jina lake kwa kidole kuanzia juu.

Alama zote nilikuwa nazo Jumatatu. Zilitakiwa Ijumaa asubuhi. Jumatatu nilipanda jiweni kuangalia habari za majeruhi. Jumanne ilikuwa sikukuu. Jumatano bando liliisha katikati ya makala ya mabeki wa pembeni, nikashuka mpaka dukani kununua jingine. Alhamisi tarehe 10 Agosti, saa mbili usiku, drafti ikiwa saa tatu, nikakaa jikoni kwa bibi na kikokotoo cha simu, nikajumlisha watoto 58 kwa dakika arobaini. Bibi aliniambia ninywe chai kwanza. Nikamwambia, "Bibi, nina kazi ya shule," na ilikuwa kweli kiaina.

Saa tatu kasoro nilikuwa juu ya jiwe, blanketi begani, kauntabuku magotini, tochi mdomoni. Mtambo ukapanga zamu: mimi wa sita. Kwa hesabu ya nyoka hiyo inamaanisha chaguo la 6, la 11, la 22, la 27, na kuendelea. Si pabaya.

Wa kwanza akamchukua Haaland, hilo halikuhitaji akili. Wa pili Salah. Wa tatu alikuwa mwenzetu mmoja tunayemwita Mangi, mshabiki wa Tottenham wa kurithi, na usiku uleule habari zilikuwa zimetapakaa kwamba Bayern wamekubaliana bei ya Kane. Grupu zima la WhatsApp lilimwandikia asifanye hivyo. Akamchukua Kane. Akaandika, "Hawezi kuondoka." Jumamosi Kane alitambulishwa Ujerumani. Alifunga magoli 36 kwenye ligi ya kule msimu huo, na Mangi hakupata hata pointi moja. Wa nne Saka, wa tano Rashford.

Zamu yangu. Kauntabuku lilisema Watkins. Nilikuwa nimepiga hesabu yote ile ya washambuliaji kwa ajili ya dakika ile moja. Lakini De Bruyne alikuwa bado yupo, mtu aliyetoa pasi 16 za magoli msimu uliopita, na kuna kitu kinakuingia kifuani ukimwona mchezaji mkubwa hajaguswa. Sekunde zikawa zinahesabika. Nikambonyeza De Bruyne.

Wa nane alikuwa jirani yangu wa chumbani, ambaye sharti niwaeleze alikuwa hajaandaa chochote. Alikuwa Tabora kwenye BTP yake, anakula, ananitumia picha za ugali. Yeye kwenye nyoka anachagua mara mbili mfululizo: akachukua Odegaard, na Watkins. Nilimwandikia pembeni kumuuliza amemjuaje. Akajibu, "Si anavaa namba 11."

La 11 kwangu likawa Callum Wilson wa Newcastle. Hapa nina kosa ambalo hata leo likinijia usiku nageuka ubavu. Wilson alikuwa na magoli 18 msimu uliopita, mwenzake Isak 10. Nikampanga Wilson juu. Sikuangalia kwamba Isak alikuwa ameumia miezi kadhaa, na kwamba magoli yake kumi yalipatikana kwa mechi chache. Yaani mimi, mtu wa Hisabati na Jiografia, nililinganisha jumla mbili bila kuuliza zimegawanywa kwa nini. Isak akamaliza na 21. Wilson akamaliza na tisa na misuli ya paja.

Raundi ya sita ukungu ukapanda kutoka bondeni na mtandao ukaenda nao. Sijui kama vina uhusiano, pale Mlalo kila mtu ana nadharia yake. Nikasimama, nikainua simu juu, nikazunguka jiwe. Uliporudi, mtambo ulikuwa umenichagulia watatu kwa orodha yake wenyewe, mmoja wao majeruhi. Unaruhusiwa kuingiza orodha yako mtandaoni mapema ili ukipotea ifuatwe hiyo. Mimi orodha yangu ilikuwa kwenye kauntabuku, kwa rangi tatu.

Kesho yake Manchester City walicheza na Burnley. Dakika ya 23 De Bruyne alikaa chini akishika nyuma ya paja. Alirudi uwanjani Januari.

Asubuhi ya Ijumaa hiyohiyo, kabla ya mechi, nilikuwa nimekabidhi matokeo, na yakabandikwa saa nne wakati wa mapumziko. Sikwenda hata kuangalia. Nilikuwa nimelala saa saba usiku.

Jumatatu binti mmoja hakuja shule. Jumanne pia. Alikuwa mmoja wa wale wanaokaa karibu na dirisha, haongei sana, lakini ukiandika swali ubaoni ukageuka tayari ameshamaliza. Wenzake waliniambia yuko nyumbani. Jumatano alikuja na mama yake. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi na viatu vyake vilikuwa na matope ya njia ndefu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," halafu akajisahihisha, "Mwalimu." Akasema baba wa mtoto aliweka sharti tangu Januari: akibaki juu anasoma, akiporomoka anakwenda kukaa na shangazi yake Tanga kusaidia kazi za ndani. Na ameporomoka. Muhula uliopita alikuwa wa nane, sasa ni wa 37.

"Mimi kusoma sikufika mbali," mama akasema, "lakini huyu tangu Ijumaa anasema hii namba siyo yake."

Binti akatoa karatasi ya Hisabati kwenye daftari. Niliisahihisha mimi mwenyewe. Mwandiko wangu, wino wangu mwekundu: 71. Nikafungua kauntabuku. Kwenye mstari wake, safu ya Hisabati, nilikuwa nimeandika 17.

Nilijumlisha upya pale pale, mara mbili, mama akiwa amesimama. Nikampa kiti, akakataa. Pointi 54 zikarudi mahali pake na binti akawa wa 10. Nikawaambia nimekosea mimi. Mama hakusema kitu kikali, na ningependa angesema. Aliomba niandike kwa barua yenye mhuri, maana mzee nyumbani hataamini maneno ya mdomo. Mwalimu wa taaluma akagonga mhuri, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Kijana, namba ni namba, lakini hizi zina wazazi." Barua ikaenda. Binti alibaki. Ninaandika hivyo kwa sentensi moja kwa sababu ndivyo ilivyokwisha, lakini toka Jumatano hadi Ijumaa nilikuwa sijui, na usiku ule wa Jumatano sikupanda jiweni.

Nilipolala nilifanya hesabu nyingine, isiyohitaji kikokotoo. Siku kumi na moja, watu ambao hawajui kama nipo. Dakika arobaini, watoto 58.

Msimu niwamalizie haraka, maana najua kuna watu wanasubiri hilo tu. Cole Palmer hakuchaguliwa na mtu yeyote usiku ule. Tarehe 6 Agosti alikuwa ameifungia City kwenye Ngao ya Jamii dhidi ya Arsenal, na mimi kwenye kauntabuku nimemwandika wa 141, pembeni nikaweka "hachezi". Septemba mosi akahamia Chelsea. Jirani yangu wa chumbani akamwomba, akapewa, bila ushindani. Palmer alifunga magoli 22 na akamaliza na pointi 244, wa kwanza kwenye mchezo mzima. Mwenye Salah alitamba mpaka mwaka mpya, Salah akiwa na magoli 14, halafu AFCON ikamchukua, akaumia kwenye mechi na Ghana. Wiki zile grupu lilinyamaza kuhusu fantasi kwa sababu Taifa Stars nao walikuwa kule, na goli la Msuva dhidi ya Zambia tulilishangilia kwenye bweni mpaka mlinzi akaja. Mei jirani alichukua elfu hamsini zake. Mimi nilimaliza wa saba. Mangi aliniokoa na adhabu ya mishikaki, na namshukuru Kane.

Msimu mpya ukianza nitacheza tena, nisiwadanganye. Orodha safari hii iko kwenye simu.

Lakini kuna mtu nimemruka. Ukimtoa mtoto nafasi ya 37 ukampeleka ya 10, watoto 27 wanashuka hatua moja moja. Wengi hawakujali, 24 na 25 hazina tofauti kwa mtu. Ila kuna mvulana, mdogo kwa umbo, anayevaa sweta la kaka yake, ambaye muhula mzima tangu afike pale hajawahi kukaribia juu, na karatasi ya kwanza ilimwandika wa 10. Jumatano jioni ilibidi nimwite kabla karatasi mpya haijabandikwa, ili asije akaikuta ukutani mbele ya wenzake.

Nilimweleza yote. Nilimwambia alama zake hazijabadilika hata moja, wastani wake ni uleule, ni kosa langu mimi na si lake. Alikuwa anatikisa kichwa kila nikimaliza sentensi, kama mtu anayefuata somo.

"Kwa hiyo mimi ni wa 11," akasema.

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. "Nyumbani nimeshawaambia kumi bora, mwalimu. Baba amenichinjia jogoo."

Nikamuuliza kama anataka nimwandikie na yeye barua. Akasema hapana, jogoo ameshaliwa.